Kilobaiti 4 zilishusha watu mwezini, gigabaiti 4 za simu yako zinaomba subira

Mleta uzi:

Wanajamvi, salaam. Kila inapokaribia Julai 20, siku ambayo Apollo 11 ya Wamarekani ilitua mwezini mwaka 1969, hujitokeza mtu, aghalabu akiwa ameshika simu iliyopasuka kioo, akatangaza kwa kujiamini kwamba binadamu hakufika mwezini kwa sababu kompyuta ya Apollo ilikuwa dhaifu kuliko kikokotoo cha mwanafunzi wa sekondari. Mwaka huu amejitokeza mapema na amekuja na ndugu zake, hivyo nimeona nimjibu kwa heshima zote anazostahili, ambazo kwa bahati nzuri zinaenea ndani ya kilobaiti 1.

Nianze kwa kumpa haki yake, maana takwimu anazozitaja ni za kweli. Kompyuta ya kuongozea vyombo vya Apollo, iliyobuniwa na wahandisi wa chuo cha MIT huko Massachusetts, Marekani, ilikuwa na maneno 2,048 ya kumbukumbu inayoweza kufutwa na kuandikwa upya, yaani takriban kilobaiti 4, pamoja na maneno 36,864 ya kumbukumbu ya kudumu, ambayo ni takriban kilobaiti 72. Ilikuwa na uzito wa kilo 32 hivi. Simu ya bei nafuu yenye gigabaiti 4 inaizidi kumbukumbu ya kazi ya mashine ile kwa mara milioni 1, na bado mama yako akikupigia, unagusa kitufe cha kupokea, skrini inalitafakari ombi lako, inalipeleka kamati ndogo, na mama anakata kabla kikao hakijafikia uamuzi.

Tofauti ya kwanza ni kwamba watu wa Apollo walijua kila biti, yaani kila 0 au 1 ndani ya kompyuta, inafanya nini, kwa sababu iliwabidi waifume kwa mkono. Nasema kufuma bila kutia chumvi. Katika kiwanda cha Raytheon mjini Waltham, wafanyakazi wanawake walipitisha nyaya nyembamba katika vipete vidogo vya sumaku: waya ukipita ndani ya kipete ni 1, ukipita nje ni 0. Programu ikishafumwa ilikuwa imefumwa, na aliyegundua kosa baadaye alipaswa kwenda kuwaeleza kinamama wale kwa nini nyaya zifumuliwe. Leo mtengenezaji wa programu ya tochi, kifaa ambacho kazi yake yote ni kuwaka na kuzima, anatuletea toleo lenye kasoro, anaomba ruhusa ya kusoma majina yote tuliyohifadhi kwenye simu, kisha anatuma sasisho la kurekebisha kilichoharibiwa na sasisho lililotangulia. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza:

Mleta uzi, maneno yako ni matamu, lakini umelizunguka swali lenyewe. Hata NASA, shirika la anga la Marekani, wanakiri kwamba kompyuta hiyo ilizidiwa na kazi dakika chache kabla ya kutua, ikatoa onyo mbele ya macho ya wanaanga Armstrong na Aldrin. Kompyuta yangu ya ofisini ikizidiwa inaganda na kugeuka skrini ya buluu, nayo iko juu ya meza, haina hata azma ya kuruka. Mnataka tuamini kwamba yao ilizidiwa ikiwa angani juu ya mwezi, halafu ikatua salama? Watu wazima tuheshimiane.

Mleta uzi:

Nakushukuru kwa kuleta onyo hilo, kwa sababu ndilo linaloimaliza hoja yako, na nisingependa kulitumia bila idhini yako.

Eagle, chombo kilichowashusha wanaanga hao, ilipokuwa kiasi cha kilomita 10 juu ya uso wa mwezi, kompyuta ilionyesha tarakimu 1202, ambazo kwa lugha ya nyumbani maana yake ni kwamba imepewa kazi nyingi kuliko nafasi iliyonayo ya kuzipanga. Chanzo kilikuwa rada ya kukutania na chombo mama, ambayo swichi yake ilikuwa katika mkao uliosababisha umeme wake na umeme wa kompyuta usiende kwa hatua moja. Matokeo yake, maelfu ya mapigo yasiyo na maana yalimiminika kwenye kompyuta kila sekunde, na kule kuyahesabu tu kulikula zaidi ya sehemu moja ya kumi ya muda wake wote, katika kipindi ambacho haikuwa na muda wa kugawa sadaka.

Sasa sikiliza vizuri, ndugu yangu wa skrini ya buluu. Hal Laning, mmoja wa wabunifu wa mfumo huo, alikuwa ameupanga kwa namna ambayo kila kazi ilikuwa na cheo chake, na kazi za cheo cha juu zilitangulia. Timu ya programu iliyoongozwa na Margaret Hamilton iliongeza ulinzi kwamba mashine ikielemewa ijiwashe upya kwa kufumba na kufumbua, itupe kila kitu, kisha iendelee na zile kazi tu ambazo zilikuwa zimeandika mahali zilipofikia: kuongoza chombo, kutawala injini, kujua mahali kilipo. Hilo ndilo lililotokea, si mara moja, bali mara kadhaa katika kushuka kulekule, na onyo jingine la aina hiyo, 1201, likafuatia. Kila mara kompyuta ilitupa ya pembeni ikabaki na ya msingi. Onyo lilikuwa taarifa kwamba mashine inajua inachofanya, wakati ukimya wa kompyuta yako ya ofisini, kabla haijageuka buluu, ni dalili kwamba haijui lolote.

Usidhani pia kwamba watu wa Houston, waliokuwa wakiiongoza safari kutoka ardhini, walibahatisha. Siku chache kabla ya safari walifanyiwa jaribio ambalo ndani yake onyo la jamii hiyo lilichomekwa makusudi, na Steve Bales, kijana wa miaka 26 aliyesimamia uongozaji, akaagiza safari ya kuigiza ivunjwe. Akaambiwa baadaye kwamba amekosea, kwamba safari ingeweza kuendelea. Gene Kranz, mkuu wa waongozaji, akaamuru maonyo yote yapitiwe moja baada ya jingine, na Jack Garman, mdogo kuliko Bales, akayaandika kwa mkono kwenye karatasi pamoja na la kufanya kwa kila moja. Siku yenyewe ilipofika, jibu lilikuwa tayari mezani, likapanda hadi mwezini kwa sekunde chache.

Kwa hiyo unapouliza inakuwaje mashine ya kilobaiti 4 izidiwe na bado itue, jibu ni kwamba mtu alikaa chini, miaka kadhaa kabla, akajiuliza itupe nini itakapozidiwa. Simu yako haijawahi kuulizwa swali hilo. Ikizidiwa inatupa simu ya mama na kulinda tangazo la mchezo wa kubahatisha.

Mchangiaji wa pili:

Mimi ni mwandishi wa programu kwa riziki, na naomba niwapunguzie wanajamvi ulevi huu wa kuwasifu watu wa anga, maana mleta uzi ameandika kana kwamba kila anayerusha roketi ni mtakatifu. Wenzetu hao wana makosa ambayo mwanafunzi wangu wa mazoezi akiyafanya namrudisha kwao na nauli.

Juni 4, 1996, roketi ya Ulaya ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, ikiwa imebeba satelaiti nne za kisayansi zilizoitwa Cluster. Haikumaliza dakika moja. Sehemu ya programu ya mwelekeo ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4, roketi iliyokuwa na mwendo wa taratibu zaidi mwanzoni mwa safari, na ndani yake mlikuwa na hesabu iliyochukua namba ya biti 64 na kuisokomeza katika nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Ariane 5 ilikuwa na kasi zaidi, namba ikazidi, kompyuta ya mwelekeo ikazima. Mtasema bila shaka palikuwa na kompyuta ya akiba, na kweli ilikuwapo, ikiendesha programu ileile, hivyo ilikuwa imeshazima kwa sababu ileile sehemu ndogo ya sekunde kabla. Kilichofuata ni kwamba kompyuta kuu ya roketi ilipokea ujumbe wa hitilafu, ikauchukulia kuwa ni vipimo halali vya safari, ikageuza midomo ya injini hadi mwisho, na roketi ikapasuka vipande.

Kinachonifurahisha zaidi, ikiwa furaha ndilo neno lake, ni kwamba hesabu ile haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuondoka ardhini. Ilibaki ikiendeshwa kwa sababu kwenye Ariane 4 ilikuwa hivyo, na hakuna aliyetaka kugusa kitu kinachofanya kazi. Kila mwandishi wa programu anayesoma hapa ameinamisha kichwa sasa hivi.

Halafu kuna Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA kisicho na watu, iliyopotea Septemba 23, 1999, ilipofika Mirihi. Programu ya ardhini kutoka kampuni ya Lockheed Martin ilitoa msukumo wa injini ndogo kwa vipimo vya paundi, waongozaji wa NASA wakausoma kwa vipimo vya nyutoni, na tofauti ya mara 4.45 ikajilimbikiza miezi yote ya safari. Chombo kilichotarajiwa kupita kilomita 226 juu ya sayari kikapita takriban kilomita 57, mahali ambapo hewa yenyewe ilikuwa inakisubiri. Waongozaji walikuwa wameona kwamba njia haikai sawa, lakini wasiwasi wao haukupita katika fomu iliyotakiwa. Hapo, mleta uzi, ile karatasi ya Garman iliyoandikwa kwa mkono ilikuwa wapi?

Mleta uzi:

Nakubaliana nawe zaidi kuliko unavyotaka. Ariane 5 ilikuwa na kumbukumbu nyingi mno ikilinganishwa na Apollo, na kilichoikosesha safari ni kutokujiuliza namba ikizidi itokee nini. Kwa maneno mengine umenisaidia kumjibu mwenzetu wa kwanza: wingi wa baiti haukuhusika katika kutua, na wala haukuhusika katika kuanguka.

Mchangiaji wa tatu:

Wakuu, mmesahau Starliner ya Boeing, na mimi kama Mswahili siwezi kuisahau. Desemba 20, 2019, chombo hicho kilirushwa bila watu kwenda kituo cha kimataifa cha anga. Kilipaswa kuchukua saa kutoka kwenye roketi iliyokibeba, kikaichukua wakati usiofaa, na kikaanza safari huku kikiamini kwamba ni saa 11 tofauti na ilivyokuwa. Kwa kuwa kilidhani kimeshafika hatua nyingine kabisa ya safari, kikaanza kufyatua injini zake ndogo kujiweka sawa kwa ajili ya shughuli ambayo haikuwapo, kikala mafuta, na kituoni hakikufika. Siku mbili baadaye kikarudishwa kutua New Mexico.

Saa 11! Mgeni anayealikwa chai ya asubuhi saa mbili na akabisha hodi saa nane mchana, kwa kuwa ameisoma saa yetu kwa Kizungu, hukosea kwa saa sita tu, na tunamsamehe, tunampashia chapati. Boeing wangeajiri mtoto yeyote wa Tanga asimame karibu na roketi na kuuliza kila mara, "Saa mbili ya kwetu au ya kwao?", wangeokoa fedha nyingi.

Mchangiaji wa kwanza:

Naona mnacheka, lakini hamjanijibu kuhusu mambo ya Wamarekani kujirekodi wenyewe. Kompyuta yao, rada yao, taarifa yao, kila kitu chao. Nani mwingine aliona?

Mchangiaji wa nne:

Hapo naomba niingie, kwa kuwa sisi wa Unguja tuna hisa katika jambo hili. Kabla ya Apollo kulikuwa na mradi wa Mercury, wa Wamarekani wa kupeleka watu angani, na vituo vya kufuatilia vyombo vyake vilitawanywa duniani, kimojawapo kikiwa Tunguu, hapa Unguja. Mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu Februari 20, 1962, alizungumza na kituo cha Zanzibar alipokuwa akipita juu, na taarifa za vituo hivyo zilikusanywa Goddard, kituo cha NASA katika jimbo la Maryland, ambako kompyuta mbili za IBM 7090 zilipiga hesabu za njia ya chombo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kilifungwa. Kwa hiyo mtandao wa kompyuta uliokuwa ukimfuatilia mtu angani ulipita Tunguu wakati ambapo sehemu kubwa ya dunia haikuwa imewahi kuiona kompyuta, ingawa nakiri kwamba leo ukifika hukohuko Tunguu na ukajaribu kufungua picha moja, utapata muda wa kutosha wa kuisoma historia hii yote.

Ukivuka bahari, Uhuru, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza vyanzo vya miale ya eksi angani, ilirushwa Desemba 12, 1970, siku ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco lililoko baharini karibu na Malindi. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Mchangiaji wa kwanza atatuambia kama wavuvi wa Ngomeni nao wamo katika njama.

Mchangiaji wa tano:

Samahani kwa kushuka ngazi, lakini simu yangu inasema hifadhi imejaa, na kila nikiizima na kuiwasha inajizima tena. Je, watu wa NASA wana ushauri?

Mleta uzi:

Wanao, na uliwagharimu usingizi. Roboti ya Spirit ilitua Mirihi Januari 4, 2004, na kabla mwezi haujaisha ikaacha kujibu ipasavyo. Ilikuwa imekusanya mafaili mengi mno katika hifadhi yake, mengine yakiwa ya tangu njiani. Kila ilipowashwa ilijaribu kuyapakia maelezo ya mafaili yote katika kumbukumbu ya kazi, kumbukumbu ikajaa, ikajizima, ikawaka, ikajaribu tena, na hali hiyo ikajirudia zaidi ya mara 60. Haikulala usiku kama ilivyopaswa, na betri ikawa inashuka. Wahandisi, wakiwa mbali nayo kwa karibu kilomita milioni 200, waliiamuru iwake bila kuigusa hifadhi kabisa, wakapata nafasi ya kupumua, kisha wakafuta mafaili na kuisafisha hifadhi. Roboti iliyopangiwa siku 90 za Mirihi ikaendelea kuwasiliana hadi Machi 2010.

Kwa upande wako, ndugu, futa picha za maua zenye maandishi ya "Asubuhi njema" zilizotumwa kwenye kundi la ukoo. Hakuna mtu Houston atakayekufanyia.

Mchangiaji wa pili:

Nikiongezea hapo, jambo lililonifanya nivue kofia ni Voyager 1, chombo cha NASA kisicho na watu, iliyorushwa Septemba 5, 1977. Novemba 2023 ilianza kutuma upuuzi mtupu, kama mchangiaji wa kwanza. Ilibainika kwamba chipu moja ya kumbukumbu katika kompyuta inayopanga taarifa zake imekufa, na asilimia takriban 3 ya kumbukumbu ya kompyuta hiyo imeharibika. Chipu haiwezi kubadilishwa, kwa kuwa fundi aliye karibu yuko umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 24. Basi wakachukua msimbo uliokuwa ndani yake wauhamishe, wakakuta hakuna nafasi moja inayoutosha, wakaukatakata vipande, wakavichomeka penye upenyo, wakarekebisha kila mahali palipokuwa pakiurejelea. Amri ya kwanza ilitumwa Aprili 18, 2024. Ilichukua saa 22 na nusu kufika, na jibu likachukua muda kama huo kurudi. Fikirieni kazi ambayo ukibonyeza kitufe unasubiri karibu siku mbili kujua kama umekosea. Mimi hubonyeza, naona nyekundu, nabonyeza tena.

Mchangiaji wa kwanza:

Sawa, nawapa hilo. Lakini kama wana akili hivyo, mbona hadi leo wanatumia vichakataji vya kizamani? Roboti ya Perseverance iliyotua Mirihi mwaka 2021 ina kichakataji cha megahezi 200 hivi. Simu ya shangazi yangu inaizidi.

Mleta uzi:

Hili ni swali la kweli, na kwa mara ya kwanza katika uzi huu nalijibu bila kejeli. Angani kuna chembe zenye nguvu zinazoweza kupita ndani ya chipu na kuigeuza biti moja kutoka 0 kuwa 1. Mwaka 2010 Voyager 2 ilianza kutuma taarifa zisizosomeka kwa sababu ya biti moja tu iliyogeuka. Kichakataji cha RAD750 kilichomo ndani ya roboti za Curiosity na Perseverance kimetengenezwa kuvumilia mionzi hiyo, na uvumilivu huo unalipiwa kwa kasi ndogo na bei kubwa.

Hata hivyo shangazi yako ana wakili huko Mirihi. Helikopta ndogo ya Ingenuity, iliyosafiri chini ya tumbo la Perseverance, ilitumia kichakataji cha Snapdragon 801, cha jamii iliyokuwa ndani ya simu za mwaka 2014, na ikaendeshwa na mfumo endeshi wa Linux. Ilipangiwa kuruka mara 5 za majaribio. Iliruka mara 72, hadi panga lake la kuzunguka lilipoharibika Januari 2024. Kichakataji kilekile, ndugu yangu, kilichowahi kushindwa kukufungulia kibodi.

Mchangiaji wa tano:

Nimefuta picha 900. Simu imewaka.

Mchangiaji wa kwanza:

Hongera kwake. Mimi nimesoma yote, na suala la kompyuta naliweka kando kwa sasa. Ila nyota je? Mbona katika picha za mwezini anga ni jeusi na nyota hakuna hata moja?

Mleta uzi:

Kamera zilipangwa kwa ajili ya uso wa mwezi unaowaka kwa jua la mchana na mavazi meupe, hivyo mwanga hafifu wa nyota haukupata muda wa kuingia. Simama usiku chini ya taa kali ya uwanja wa mpira, upige picha ya wachezaji, kisha uzihesabu nyota utakazozipata. Maswali ya bendera, vivuli na nyayo yafungulie uzi wake, kwa kuwa huu ni wa kompyuta, na msimamizi ameshaanza kutuangalia.